Basi la mwisho saa 12:15 jioni, kilima cha kilomita 12 na mji mdogo chini yake: vinaingia kwenye siku moja?

Tembea_Polepole

Wakuu, naomba mnisaidie kupiga mahesabu ya safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, Jumapili. Tuko 6, wawili ni watoto wa miaka 9 na 11. Hatuna gari.

Basi la kwanza linatoka jijini saa 1:00 asubuhi na mwendo ni masaa 2 na nusu, kwa hiyo tunashuka saa 3:30. Kutoka kituoni hadi njia ya kilima inapoanzia ni dakika 20 kwa mguu. Njia yenyewe ni kilomita 6 kupanda na 6 kurudi palepale, na kileleni utakuwa umepanda mita 480. Mabasi ya kurudi ni ya saa 10:45 na saa 12:15 jioni, hilo la pili ndilo la mwisho. Chini ya kilima kuna mji mdogo wa zamani wenye soko, na wote wanataka kuuzunguka. Je, vyote vinawezekana, au nichague kimoja?


Mzee_wa_Kontua

Mkuu, safari ya siku moja hupangwa kuanzia mwisho kuja mwanzo. Basi la saa 12:15 lifute kwenye mpango. Hilo ni la dharura. Lako ni la saa 10:45. Ukipangia basi la mwisho na likaharibika, likajaa au likapita mapema, umekwama na watoto. Ukipangia la kabla yake, kosa lolote bado lina dawa.

Sasa muda wa njia. Wapanda milima wengi hutumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Njia yako ingetoa masaa 2 na dakika 24 za mwendo, jumlisha dakika 48 za mlima, yaani masaa 3 na dakika 12. Watu wakiona namba hiyo wanashangilia, wanachomeka mji, soko na kuogelea. Wanasahau kwamba kanuni hiyo ni ya mtu mzima mwenye pumzi, njia nzuri, na haina kusimama hata kidogo.

Kikundi chenye mtoto wa miaka 9 kipigie kilomita 3 kwa saa, na dakika 10 za kusimama kila saa (maji, kiatu, haja ndogo, picha). Kupanda: masaa 2 ya mwendo, dakika 48 za mlima, karibu nusu saa ya kusimama. Jumla masaa 3 na robo. Mkianza saa 4:00 mnafika kileleni saa 7:15. Chakula nusu saa. Kushuka masaa 2 na dakika 20. Mko chini saa 10:05, kituoni saa 10:25. Basi saa 10:45.

Umeona? Kileleni mnafika, ila mji hamna. Mtauona kupitia dirishani.

Ukishikilia kilele, weka saa ya kugeuka na uitangaze kwa wote asubuhi ndani ya basi: saa 7:30, popote mtakapokuwa. Hata kama kilele kinaonekana mita 200 mbele. Ukitazama hesabu utaona mngeweza kuondoka juu hadi saa 7:45 na bado mkawahi, lakini hizo dakika 15 ni za mtoto atakayeumia kifundo. Saa ya kugeuka ikishaanza kujadiliwa huko juu, imekufa, kwa sababu kila mtu amechoka na kila mtu anaona kilele.


Plasta_Mfukoni

Naunga mkono mahesabu ya Mzee, naongeza jambo moja ambalo hayalionyeshi: kushuka. Watu hudhani kushuka ni bure. Kwenye mteremko mkali wenye kokoto au udongo uliolowa, kushuka kunaweza kuchukua muda uleule wa kupanda, na magoti yanachoka kabla ya mapafu. Kuteleza hutokea hapo, miguu inapokuwa imelegea na akili imeshafika kituoni. Angalia kontua (mistari ya mwinuko) kwenye ramani: zikibanana kwenye kilomita mbili za mwisho chini ya kilele, ongeza dakika 20 za kushuka bila kubishana.

Miguu yenyewe: kucha zikatwe siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Ndefu zinagonga ncha ya kiatu njia nzima ya kushuka. Viatu vipya viacheni nyumbani, hata kama ni vya bei mbaya. Na lengelenge halianzi kama lengelenge, linaanza kama sehemu inayochoma kidogo, mara nyingi kisiginoni au kando ya kidole kikubwa. Hapo ndipo pa kusimama, kukausha ngozi na kubandika plasta pana iliyolala bila mkunjo. Mtoto hatakwambia. Muulize kwa jina kwenye kituo cha kwanza cha mapumziko, dakika 40 hadi 60 baada ya kuanza. Likishajaa maji usilitumbue njiani, lifunike tu.

Maji kwa kuanzia ni nusu lita kwa mtu kwa kila saa ya kutembea; jua likiwa kali ongeza. Kwa masaa 5 mtu mzima anabeba lita 2 na nusu, na lita ni kilo, kwa hiyo gawaneni mzigo. Mnywe mkisikia kiu, kidogo kidogo. Kujilazimisha malita ya maji matupu bila kitu chenye chumvi nako kuna madhara yake.


Sokoni_Mapema

Mnamkatia mwenzetu mji bila hata kumuuliza soko ni la siku gani. Miji midogo mingi ina siku yake ya soko, na nje ya siku hiyo utakuta meza tupu na paka. Kama Jumapili ndiyo siku yenyewe, basi soko ni la asubuhi: wauzaji wa mbali hufunga mapema ili nao wawahi usafiri. Ukifika saa 9 alasiri unakuta wanakunja maturubai. Ningeanza na mji saa 3:30 hadi 5:00, kisha nipande nusu ya kilima tu.

Makumbusho na nyumba za kihistoria nazo ziangaliwe siku na saa. Nyingi hufunga siku moja katikati ya wiki au Jumatatu, na ndogo ndogo hufunga mchana kwa sababu mlinzi ndiye huyo huyo mkata tiketi na lazima ale. Piga simu siku moja kabla, na uliza swali la moja kwa moja: "Jumapili mtafungua saa ngapi na mtu wa mwisho anaingia saa ngapi?" Saa ya mwisho kuingia huwa kabla ya saa ya kufunga, na ndiyo inayokuhusu.

Beba pesa taslimu, noti ndogo. Mashine moja ya kutolea pesa mji mzima ikigoma, imegoma kwa wote.


Mzee_wa_Kontua

@Sokoni_Mapema, la siku ya soko ni hoja ya kweli, nimelipokea. Ila kupanda kuanzia saa 5 na nusu ni kubaya kwa sababu mbili: mnapanda jua likiwa utosini, na kwenye maeneo mengi ya milima mawingu ya radi hujengeka mchana, kwa kuwa ardhi imeshapata joto na hewa yenye unyevu inapanda. Asubuhi mlima, alasiri mji, huo ndio mpangilio unaosamehe. Mji ukiwa mwisho unakuwa akiba ya muda: mkichelewa kilimani mnakula muda wa mji, si wa basi. Mkianza na mji, ucheleweshaji wote unaangukia kilimani, mahali pabaya zaidi pa kuchelewa.


Kituo_cha_Pili

Tuzungumze basi maana ndilo linaloamua kila kitu hapa.

Kwanza, hakikisha ratiba uliyosoma ni ya Jumapili. Siku za kazi, Jumamosi, Jumapili na sikukuu mara nyingi ni ratiba nne tofauti, na kwenye karatasi zimetenganishwa na alama ndogo chini ya ukurasa ambayo hakuna anayeisoma.

Pili, uliza kama basi la saa 10:45 linaanzia mji huo au linapita tu. Linaloanzia hapo linakuwa tupu na linaondoka kwa saa yake. Linalopita linaweza kufika limejaa, na Jumapili jioni kila mtu anarudi jijini. Kwa watu 6 hilo ni tatizo kubwa kuliko kwa mtu mmoja, kondakta atapata nafasi ya mmoja au wawili. Kama linapita, kateni asubuhi tiketi za kurudi, au mwende kupandia kituo kikuu badala ya kile cha barabarani.

Tatu, mahali pa kupandia si lazima pawe mliposhukia. Kwenye barabara za uelekeo mmoja basi la kurudi linaweza kupita mtaa mwingine kabisa. Mkishuka asubuhi, kabla hata ya kufunga kamba za viatu, mtu mmoja amuulize dereva: "La kurudi tunapandia wapi?" Kisha piga picha ya kibao cha kituo hicho pamoja na ratiba iliyobandikwa.


Tembea_Polepole

Asanteni sana wakuu. Nimeangalia: basi la saa 10:45 linaanzia pale pale, na soko ni la Jumamosi, kwa hiyo Jumapili ni mji tu na makumbusho inayofungwa saa 10:00. Kwenye ramani niliyoambatisha kuna mahali pa kutazamia mandhari kilomita 4 kutoka mwanzo, mita 300 juu. Nafikiria tuishie hapo.

Maswali mawili: mvua ikinyesha tukiwa juu tufanyeje, na je, tubebe tochi wakati tunarudi mchana?


Vidole_Vinne

Tochi ya nini mkuu, tumia mkono. Nyoosha mkono mbele, panga vidole kati ya jua na upeo wa macho, kila kidole ni dakika 15. Vidole vinne ni saa nzima.


Radi_Sekunde_Tatu

@Vidole_Vinne, hiyo inazunguka sana mitandaoni na inapotosha watu walio karibu na ikweta. Jua hutembea nyuzi 15 angani kwa saa. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ina upana wa takriban nyuzi 10, na vidole vinne ni karibu sawa na hiyo ngumi au pungufu kidogo. Karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, kwa hiyo "saa" yako ni dakika 30 hadi 40. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta jua linazama kwa mshazari na kanuni inasogea karibu na ukweli. Tena karibu na ikweta, tangu jua lizame hadi usione mizizi njiani ni kama dakika 20 hadi 25, na ndani ya msitu au bondeni giza linawahi zaidi. Saa ya kuzama kwa jua iandikeni kutoka kwenye simu asubuhi.

Tochi bebeni. Mbili kwa kikundi, za kuvaa kichwani ili mikono ibaki huru, zenye betri mpya. Mwanga wa simu unamaliza chaji ambayo mnaihitaji kwa kupiga simu. Tochi inabebwa kwa ajili ya siku ambayo mpango umevunjika.

Mvua: yenyewe haina neno, wenye neno ni wenzake watatu.

Radi. Hesabu sekunde kutoka mwanga hadi muungurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Ikifika sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kuwapata. Shukeni kutoka kileleni na kwenye migongo ya kilima, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake wala kwenye kibanda kisicho na kuta. Jengo kamili au gari lenye paa la chuma ndiyo salama. Msirudi juu hadi zipite dakika 30 tangu muungurumo wa mwisho, hata kama jua limetoka.

Maji ya vijito. Kijito mlichokivuka asubuhi bila kulowesha kiatu kinaweza kuwa kitu kingine mchana, na mvua iliyokijaza inaweza kuwa imenyesha juu zaidi ambako hamkuiona. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Dalili ni rangi: yakigeuka tope na kuleta majani na vijiti, yanapanda. Msivuke. Vijito vidogo hujaa haraka na hupungua haraka pia mvua ikikatika, kwa hiyo kusubiri mara nyingi kunatosha, na hapo ndipo utaelewa kwa nini basi la saa 12:15 halikuwekwa kwenye mpango.

Baridi. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa mita 300 zako ni nyuzi 2 tu, hakuna kitu. Shida ni upepo juu ya fulana ya pamba iliyolowa jasho na mvua. Pamba haikauki upesi. Kila mtoto awe na fulana moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na wasiivae mpaka mvua ikatike au wawe chini ya koti la mvua.


Pwani_Kwanza

Samahani kuingilia mada. Sisi tunakotoka jijini nature ya karibu ni ufukwe, sio mlima. Kutembea chini ya majabali hadi kwenye mapango nako kuna saa ya kugeuka?


Bamvua

@Pwani_Kwanza, ipo, na anayeiweka ni bahari, haina mazungumzo. Pata jedwali la kupwa na kujaa la siku hiyo hiyo. La jana halifai, maana kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni masaa 6 na kidogo.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya kina katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme tofauti ni mita 3.6. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda sentimita 30 na unaona bahari imelala. Saa ya tatu yanapanda sentimita 90. Watu hunaswa hapo, wanadanganywa na upole wa ile saa ya kwanza.

Kwa hiyo anza kutembea masaa 2 hivi kabla ya maji kupwa kabisa, uwe mwisho wa njia nusu saa kabla ya kupwa, na ugeuke. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku moja mbili baada yake, maji hutoka mbali na kurudi kwa nguvu: mapango yanafikika, ila nafasi ya kosa ni ndogo. Wakati wa maji mafu hayatoki sana, huenda njia isifunguke kabisa. Upepo ukivuma kutoka baharini, punguza nusu saa nyingine.

Kabla hujaanza, tazama jabali: mstari wa mwani na konokono wadogo walionata unaonyesha maji yanafika wapi. Kama mstari uko juu ya kichwa chako na hakuna njia ya kupandia, sehemu hiyo unaivuka bila kusimama.


Ramani_Mfukoni

La simu halijaguswa. Ramani ipakueni nyumbani kwa waifai, programu za Organic Maps na OsmAnd zote zinafanya kazi bila mtandao. Kisha ifungueni mkiwa mmezima data, muone kama njia ya kilima inaonekana hadi mwisho. Wengi hupakua eneo la mji na kusahau kilima kilichovuka mpaka wa kipande kile.

Kilimani washa hali ya ndegeni. GPS inapokea kutoka setilaiti na haihitaji laini. Kinachokula betri ni simu kutafuta mnara usiokuwepo. Simu mbili ziwe hivyo, ya tatu izimwe kabisa ibaki ya dharura. Na mtu mmoja aliyebaki jijini awe na ujumbe wenye mambo matatu: njia mnayopanda, basi mnalorudi nalo, na saa ambayo asipowasikia aanze kuuliza. Mkishapanda basi mwambieni, asije akaamsha watu usiku bure.


Tembea_Polepole

Mpango mpya: kuanza saa 4:00, mandhari saa 6:10, chakula juu hapo hadi 6:40, chini saa 8:10, mjini saa 8:30, makumbusho kwanza, kituoni saa 10:25. Saa ya kugeuka 7:00. Kuna kasoro?


Mzee_wa_Kontua

Mbili ndogo. Chakula msilie juu kabisa kama kuna upepo, shukeni dakika 10 mkakae upande uliokingwa. Watoto wakipoa wanagoma kutembea. Na mtu mzima mmoja akae nyuma ya wote njia nzima, mwingine mbele, na wa mbele asivuke njia panda yoyote kabla hajamwona wa nyuma. Kwenye ramani yako naona njia panda kilomita ya 2, ya kushoto inashuka upande wa pili wa kilima, ambako hakuna basi.